Farasi Anasumbua? Anza na Mkono Ulioshika Kamba

Mwongozo huu ni wa masaisi wapya (watunza farasi zizini), wanafunzi wa kupanda, na wenye farasi wanaofika zizini Jumamosi asubuhi wakiwa na buti safi na haraka nyingi. Unahusu matatizo ya kila siku: farasi asiyeshikika, anayeshtuka ovyo, anayetaka kung'ata mkanda wa tandiko ukikazwa, anayetulia kwa mmoja na kumtesa mwingine. Mengi ya matatizo haya huingizwa bandani na binadamu, mwilini mwake, bila mwenyewe kujua. Mengine ni maumivu ya farasi na hayana uhusiano wowote na roho ya mtu. Kazi ni kutenganisha haya mawili, na watu wengi hukosea kwa kuegemea upande mmoja tu.

Nimeifanya kazi hii Nairobi, kisha nikaenda Ghuba miaka kadhaa, nikarudi. Farasi wa kule walizoea Kiurdu na Kiarabu. Kiswahili changu hakikuwa na maana yoyote kwao, lakini bega langu walilisoma siku ya kwanza.

Kwanza: badilishaneni kamba

Kabla ya kutafuta sababu yoyote, mpe mtu mwingine kamba. Si lazima awe hodari kukushinda. Afadhali awe mtu asiye na habari za ugomvi wenu wa asubuhi. Amwongoze farasi yule yule, njia ile ile, kwa kamba ile ile. Wewe kaa mbali, usisimame uzioni ukikodoa macho. Tazameni kwa dakika kumi.

Farasi akitulia kwa mwenzako, halafu tatizo likarudi ukishika wewe, anza kujikagua. Tatizo likimfuata farasi kwa kila mkono unaomshika, kagua kwato, meno, mgongo na tandiko, na umwite daktari wa mifugo. Usimalize wiki tatu ukitafakari nafsi yako. Nilimwona mtu akijilaumu karibu mwezi mzima kwamba ana woga, kumbe msumari wa kiatu ulikuwa umeingia karibu mno na nyama ya ukwato.

Kuna tokeo la tatu linalodanganya: farasi ananyamaza ghafla kwa mtu ambaye zizi zima linamwogopa. Usilihesabu hilo kuwa jibu. Kwa mbali, farasi aliyeganda na farasi aliyetulia husimama vile vile. Sogea karibu. Aliyetulia ameshusha shingo, midomo imelegea, sikio moja linageuka huku na huku. Aliyeganda amebana pua, jicho halipepesi, na ukimgusa kifuani misuli imekuwa ubao.

Kwa nini hujui unachomwambia

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mjini Berlin, alikuwako mwalimu mstaafu wa hesabu, Wilhelm von Osten, na farasi wake Hans. Hans aliulizwa tatu na nne ni ngapi, akagonga ukwato mara saba. Watu walijaa kumtazama. Mwaka 1904 tume ya wataalamu ilimkagua isione hila yoyote. Oskar Pfungst aliyechunguza zaidi alieleza siri hiyo katika ripoti yake ya mwaka 1907: muulizaji asipojua jibu, Hans naye hakulijua, akizuiwa asimwone muulizaji, alipotea kabisa. Alichokuwa akisoma ni mwili wa mtu. Watu wakishauliza, waliinama kidogo sana kuutazama ukwato. Hesabu ikitimia, kichwa kilinyanyuka kwa kiasi ambacho jicho la binadamu halikukinasa. Hans alikiona, akaacha kugonga.

Von Osten hakuwa laghai. Alikuwa akisema bila kujua kwamba anasema. Na Pfungst mwenyewe, akiwa ameshaijua siri, hakuweza kuizuia kabisa. Kichwa chake kiliendelea kumsaliti.

Ndiyo maana naona ule ushauri wa “usimwonyeshe farasi kwamba unaogopa” ni mbovu. Utafichaje kitu usichojua kwamba unakionyesha? Kilicho ndani ya uwezo wako ni kujua hisia imekaa wapi mwilini, kisha kuishughulikia hapo hapo.

Kiswahili kimetupa majina ya kutosha, kwa hiyo tuyatumie. Kusema “nina stresi” hakukupi pa kushika. Tumbo joto hubana pumzi. Hamaki hukaa kwenye vidole na viwiko: kamba inavutwa kwa vishindo vifupi vifupi. Kinyongo hukaa kwenye taya, na mwenye kinyongo hufanya kila kitu sawasawa ila kwa ukavu. Fazaa hushuka miguuni, ukaacha kumpanda farasi ukaanza kumng'ang'ania. Haya, yaani aibu, humfanya mtu aharakishe, hasa kukiwa na watazamaji. Hii ni ramani ya mwili wangu na ya wale niliowafundisha. Yako inaweza kutofautiana, lakini ichore.

Anashtuka mahali pale pale kila siku

Mwanzoni mwa kazi nilipewa farasi jike mwekundu aliyekataa kupita kando ya pipa moja la bluu. Kila asubuhi, pipa lile lile, ruko lile lile. Nilishalisogeza, nikalifunika gunia, nikaliwekea majani juu. Saisi mmoja mzee akawa ananitazama siku mbili bila neno, kisha akaja.

“Kijana, ukifika pale unaacha kupumua.”

“Napumua, mzee.”

“Haya. Hesabu hatua zako kwa sauti. Nami niko hapa.”

Nikaanza: moja, mbili, tatu. Kufika tano sauti ikakatika yenyewe. Pipa lilikuwa bado hatua tatu mbele. Sikuwa nimejua.

Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio linalolingana na pipa langu. Watu waliongoza au walipanda farasi kutoka sehemu moja hadi nyingine mara nne. Kabla ya mara ya nne waliambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia, ingawa farasi hakuambiwa kitu.

Kipimo, basi, ni sauti. Hesabu hatua au imba unapokaribia mahali penye shida. Hata kuvumisha wimbo puani kunatosha. Pale sauti inapokatika ndipo hofu yako inapoanza, na mara nyingi ni kabla ya farasi kuonyesha lolote. Ukishapajua, tiba ni kutoa pumzi ndefu hatua mbili tatu kabla ya hapo, macho yakitazama mbali kupita pipa. Kuimba kunasaidia kwa sababu huwezi kuimba bila kutoa pumzi. Mimi sina sauti nzuri na farasi wote wamenivumilia.

Angalia upande wa pili pia. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa na huona karibu pande zote, isipokuwa moja kwa moja mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia. Kitu alichokipita vizuri akienda kinaweza kumshtua akirudi. Mpitishe kwa utulivu pande zote mbili kabla ya kuamua kwamba kosa ni lako. Na kama mpanda wa pili naye anashtukiwa pale pale akiwa anaimba, basi kweli pipa lina jambo. Pengine limekaliwa na nyoka.

Ukikaza mkanda wa tandiko, masikio yanalala nyuma na meno yanakuja

Hapa usianze na hisia. Anza na mwili wake. Pitisha mkono chini ya tumbo polepole: kupe hupenda kujificha pale pale mkanda unapopita. Tazama kama tandiko linabana pale shingo inapokutana na mgongo. Fikiria vidonda vya tumbo, hasa kwa farasi wa mbio anayekula nafaka nyingi na nyasi chache. Kama anasumbua hata akishapandwa, ujue kwamba daktari wa Uingereza Sue Dyson na wenzake walitoa mwaka 2018 orodha ya vitendo 24 vya farasi anayepandwa, kuanzia masikio yaliyolala na mkia unaopigwapigwa hadi kujikwaa mara kwa mara. Vikionekana 8 au zaidi, huenda sana farasi ana maumivu.

Ukishamaliza hayo, jiulize ni neno gani lilikujia kichwani meno yalipokuja. Kwangu huwa ni “ananidharau”. Nimelifanya neno hilo kuwa kengele. Likisikika tu, natoa mkono kwenye mkanda, narudi nyuma hatua mbili. Farasi hana hesabu ya heshima yangu. Hesabu hiyo ni ya kwangu, na kwa kawaida nilitoka nayo kwingine kabla sijafungua mlango wa banda.

Wenzetu wanaofuga punda wana msemo kwamba fadhila ya punda ni mateke. Nimeusikia mara nyingi, sijamsikia anayeusema akieleza punda huyo alikuwa amebebeshwa nini.

Anatulia kwa saisi, anamsumbua mwenyewe

Hili ndilo tatizo ninaloulizwa zaidi, na ndilo linalozungumzwa kwa uwazi mdogo zaidi. Pengine ni kwa sababu waandishi wengi wa mambo ya farasi hawajaamka saa kumi usiku kwenda kufagia banda la farasi wa mtu.

Mambo huenda hivi. Mwenye farasi huja mara moja kwa wiki. Siku sita saisi ndiye amemlisha, amempiga brashi, amemsafisha kwato, amemfunga na kumfungua. Jumamosi mwenyewe anashika kamba na farasi anamzunguka, anageuza kichwa kumtafuta saisi. Mwenyewe anavuta. Farasi ananyanyua kichwa. Anavuta tena kwa nguvu, wageni wake wakitazama.

“Huyu farasi umemharibu.”

“Samahani, madamu.”

Farasi anaondoka na mpanda aliyekasirika, saisi anabaki na ndoo. Jumatatu saisi anagundua kwamba farasi yule yule, aliyekuwa akisinzia akipigwa brashi, leo anahamahama na kupiga mguu chini. Jumamosi ilikuwa na tatizo moja. Sasa ni mawili.

Kwako mwenye farasi. Jaribio la kamba limeshakupa jibu, nalo linauma. Jiulize unahisi nini hasa farasi wako anapogeuka kumtazama mtu mwingine. Jibu la kwanza litakuwa “wasiwasi kuhusu usalama”. Subiri la pili. Mara nyingi ni wivu, na wivu si dhambi. Ni hisia yenye mahali pake mwilini, na kwa wapanda wengi niliowaona hukaa kwenye mkono wa kulia na kutoka kupitia hatamu. Ukiutaja kwa jina lake, mkono hulegea kidogo. Kisha fanya jambo la kawaida kabisa: fika dakika ishirini mapema, mpige brashi mwenyewe, na umuulize saisi wiki ilikwendaje. Amekula? Alitoka jasho wapi? Alilala upande gani? Ukiuliza kwa nia ya kujua, utasikia mambo ambayo hujawahi kuambiwa.

Kwako saisi. Najua jibu la “samahani, madamu” linavyomezwa. Lakini halipotei likishamezwa. Linahamia kwenye taya na kwenye brashi. Usimguse farasi mara tu baada ya kukaripiwa. Zizini kuna kazi nyingi zinazoweza kubeba hasira: kuchota maji, kupanga marobota ya nyasi, kusukuma toroli la samadi. Toroli halisomi bega la mtu. Rudi kwa farasi meno yako yakiwa yameachana. Weka kidole kwenye shavu, karibu na sikio, ufungue na kufunga mdomo. Kama pamekaza, sukuma toroli jingine.

Na kama karipio ni la kila wiki, hakuna pumzi itakayoliponya. Hilo ni la kuzungumza na msimamizi, mkiwa wawili, siku ambayo hakuna aliyekasirika. Kumwachia farasi ndiye alisuluhishe ni kumwonea.

Jana alikufuata kama kondoo, leo hakutambui

Rudisha nyuma saa yako hadi ulipoamka. Mvua ilinyesha, nauli ya matatu ikapanda, ukashushwa njiani, ukafika umechelewa bila chai. Ukaingia bandani na kamba ya kichwani ukaivalisha kama unayemvalisha mtoto sare akiwa amechelewa shule. Wewe ulishasahau. Yeye je?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha mwaka 2016 jaribio lililoonyesha kwamba farasi wakionyeshwa picha ya uso wa mtu aliyekasirika, mapigo ya moyo hupanda upesi zaidi na huwa wanaitazama zaidi kwa jicho la kushoto. Mwaka 2018 ikachapishwa nyingine: farasi walionyeshwa picha ya mtu amekunja uso au anatabasamu, na saa kadhaa baadaye wakakutana na mtu huyo huyo akiwa na uso wa kawaida. Waliouona uso wa hasira walimtazama kwa hadhari. Mtu mwenyewe hakujua walionyeshwa picha ipi.

Nina desturi moja tu ya asubuhi, nayo si ya kitaalamu. Kabla ya kufungua mlango wa banda nasimama nje nahesabu pumzi za farasi kwa kutazama ubavu wake. Akiwa ametulia huwa 8 hadi 16 kwa dakika. Inachukua dakika moja, inanipa habari za afya yake, na huwezi kuhesabu pumzi polepole vile huku ukiendelea kumgombeza kondakta kichwani. Ukitaka zaidi, tafuta mshipa chini ya taya lake. Moyo wa farasi mkubwa aliyepumzika hupiga 28 hadi 44 kwa dakika, chini sana kuliko wako. Ukikuta 60 akiwa amesimama tu, hajala, anatazama ubavu wake au anajigaragaza, achana na mwongozo huu umpigie daktari. Huo unaweza kuwa msokoto wa tumbo.

Anakukimbia malishoni

Kwa kifupi: huwa unamfuata kwa sababu gani? Kama kila ukija ni kazi, miguu yake ina haki. Nenda mara kadhaa bila kamba, simama, mkwaruze shingoni, ondoka kabla yeye hajaondoka. Usiende moja kwa moja ukimkazia macho. Na chunguza kama unatembea kama mtu anayekwenda kudai deni.

Hana tatizo lolote

Huyu ndiye anayenitia shaka zaidi. Halalamiki, hatikisi mkia, haombi kitu. Watoto hupandishwa juu yake mmoja baada ya mwingine, wageni humsifu. Ukimnyooshea mkono, hausogelei wala haukwepi. Kuna farasi wapole kweli, na kuna waliojifunza kwamba kulalamika hakujawahi kubadilisha chochote, wakaacha.

Kipimo chake kinahitaji uvumilivu. Mlegezee kamba kabisa, simama kando, usimtake lolote kwa robo saa kila siku. Akianza kukataa vitu vidogo, kama kusogea pembeni brashi ikipita tumboni au kusukuma mkono wako kwa pua, wengi husema ameharibika. Mimi huandika daftarini kwamba ameanza kusema, na nauliza tumbo lina nini.

Jikague wewe pia. Kwa nini ulipenda ukimya wake? Mimi niliupenda kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Tangu uanguke, hapandiki

Farasi hajabadilika sana. Ulichobadilisha ni miguu. Mtu aliyeanguka hubana magoti na kuinama mbele bila kukusudia. Kuinama mbele humhimiza farasi, farasi akiongeza mwendo mtu hubana zaidi, na ghafla mko shoti, mbio kali, mlikokuwa mnatembea. Jambo la kwanza ni kupimwa mwili, hasa kichwa. La pili ni kuacha kusema “siogopi”. Mtu asiyeogopa baada ya kuanguka hajaelewa kilichotokea.

Rudi chini. Mwongoze kwa miguu juma zima. Kisha panda mtu mwingine akishika kamba, tembeeni tu, bila mwendo wa matiti (mbio ndogo za kurukaruka) wala shoti, ukihesabu kwa sauti kama nilivyoeleza. Sauti ikikatika, simameni papo hapo mngojee irudi. Siku isiporudi, teremka, mfungue tandiko, mpeleke kwenye maji, mrudishe bandani. Kesho mtaanzia hatua ileile iliyokatika.